Thembo wa Nyumba ya Kumi na Saba

Kijiji cha Kalambi kiko mlimani, juu ya Bwera. Ukisimama kwenye nyumba ya juu kabisa unaiona Kongo ng'ambo ya mto. Kama macho yako ni mazuri, unaona pia nani huko ameanika muhogo na nani amelala tu. Mwaka 1969 Kalambi ilikuwa na nyumba hamsini na mbili, kahawa nyingi, muhogo mwingi zaidi, na tatizo moja la kelele.

Tatizo lenyewe lilikuwa hili. Mtu akitoka uani asubuhi na kuita, "Biira," wanawake na wasichana kumi na tisa waliitika. Wengine waliitika kwa hasira, kwa sababu walikuwa wameshaitwa mara sita na chai bado haijachemka.

Halikuwa kosa la mtu yeyote. Wakonzo humpa mtoto jina kwa zamu yake ya kuzaliwa. Binti wa pili ni Biira. Mvulana wa tano ni Thembo. Wazazi hawagombani juu ya jina. Jina linamsubiri mtoto mlangoni kama shangazi. Na kijijini hakuna aliyechanganyikiwa. Kulikuwa na Biira wa mtoni, Biira wa mizinga ya nyuki, Biira mrefu, na Biira aliyewahi kuanguka ndani ya pipa la pombe. Huyu wa mwisho hakulipenda jina lake, lakini hakuulizwa.

Biira wa hadithi hii alikuwa mke wa Maate, mkulima wa kahawa. Walikuwa na watoto saba, wavulana watano, wa kwanza akiwa Baluku, na wasichana wawili. Kwa hiyo binti yao wa pili naye alikuwa Biira. Maate alipoita jina hilo jioni, mama na binti wote walinyamaza, kila mmoja akitumaini kwamba anaitwa mwenzake.

Kitinda mimba wao alikuwa Thembo. Alikuwa na miaka miwili, tumbo la duara, na meno ya kutosha kumtia mtu jeraha.

Kijiji kizima kilikuwa kinaogopa kitu kimoja, nacho ni surua. Mwaka uliopita ugonjwa huo ulipanda mlima pamoja na wageni wa sherehe. Ulianza kwa homa, mafua na macho mekundu, kisha vipele. Mtoto mmoja alikohoa, na jirani zake wote wakaupata. Zahanati ya karibu ilikuwa chini kabisa, mwendo wa saa nne kwa miguu. Watoto wanne wa Kalambi walikufa. Wawili kati yao walikufa njiani, mgongoni mwa mama zao.

Kwa hiyo iliposikika kwamba serikali inaleta sindano ya kukinga surua, Maate alipewa kazi ya kuandika watoto wote walio chini ya miaka saba. Maate ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri kuliko wote kijijini, na alihakikisha kila mtu anajua hivyo. Aliandika kwa siku tatu katika daftari la kurasa themanini. Kila mtoto alipata mstari wake: jina la mtoto, kisha jina la baba. Jumla yao walikuwa watoto mia mbili thelathini na mmoja. Alinakili orodha vizuri, akaituma Kasese kwenye ofisi ya mipango ya afya, na daftari akaliweka sandukuni pamoja na suti yake ya harusi.

Siku ya sindano ilikuwa Alhamisi. Muuguzi alifika saa nne asubuhi. Aliitwa Nabirye, Msoga mnene mwenye viatu vyeupe ambavyo mlima ulikuwa umevifanya vyekundu. Watu wote walimwita Musawo, yaani daktari. Wanaume wawili walimbebea sanduku la barafu lenye dawa.

Mama wote walikuwa wamepanga mstari na watoto wao wamenawishwa. Nabirye alikaa, akafungua karatasi, akaita, "Thembo wa Maate."

Wanawake watatu walisimama, kila mmoja na mtoto wake.

Nabirye aliwatazama. Alitazama karatasi. "Nimeita mmoja," alisema.

"Ndiyo, Musawo," walijibu wote watatu.

"Hapa ameandikwa Thembo wa Maate mmoja tu."

"Kuna Maate watatu," alisema Biira, "na kila mmoja amejaliwa kufika mvulana wa tano."

Aliyekuwa karibu zaidi na meza alichomwa sindano. Hakuwa Thembo wa Biira. Na ikawa hivyo kwa kila jina. Saa saba mchana sindano ziliisha. Watoto sitini na wanne walikuwa wamechanjwa. Waliobaki walisimama kwenye jua, wasafi kabisa, bila chochote.

"Musawo, umeleta dawa kidogo," Biira alisema.

"Nimeleta kama nilivyoagizwa, Mama Baluku." Nabirye alimwonyesha nakala ya orodha. Ilikuwa orodha ya Maate, lakini imepigwa mistari myekundu kwa rula, mmoja baada ya mwingine, ukurasa baada ya ukurasa. Chini mtu alikuwa ameandika: *Majina mengi yamerudiwa. Watoto halisi ni 64.*

Maate aliisoma mara mbili. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeumwa na nyuki kanisani.

"Wameniita mwongo," alisema. "Kwa penseli nyekundu. Na kwa rula."

"Hilo si baya zaidi," alisema Nabirye. Alikaa juu ya sanduku lake tupu. "Mama Baluku, ukipika bundu, unaanza na nini?"

Bundu ni ugali wa muhogo, na kumuuliza mwanamke wa Kikonzo jinsi anavyoupika ni kumkosea heshima kidogo. Lakini Biira alijibu. "Na maji."

"Kabla ya maji."

"Na kuni."

"Kabla ya kuni."

Biira alifikiri. "Naangalia ni nani wapo. Walaji wakiwa kumi, napima unga wa watu kumi."

"Na mtu akikuambia wapo watatu?"

"Saba watalala na njaa. Na kwa kuwa mmoja wao atakuwa mume wangu, hakuna atakayelala."

"Basi serikali nayo inapika," alisema Nabirye. "Nchi nzima ina sufuria moja. Madaktari ni wachache na dawa ni chache. Huwezi kuweka zahanati kila mlima kwa siku moja. Kwa hiyo watu wa mipango wanakaa na kuuliza: watu wako wapi? Ni wangapi? Wanaumwa nini? Wako mbali kiasi gani? Tuanze na nani, na nani afuate? Majibu yanaandikwa. Huo ndio mpango wa afya. Huu wa sasa utadumu miaka mitano."

"Na sisi tumo?"

"Upande huu wa Bwera imebaki zahanati mpya moja tu. Itakuwa na muuguzi wa kukaa, na jokofu la kuhifadhia chanjo. Sharti ni kijiji kiwe na watoto mia mbili au zaidi. Kalambi imeandikwa sitini na wanne."

"Tukaseme wameandika vibaya."

"Semeni leo. Bahasha ya mpango inaondoka Kasese kesho, kwa treni ya saa kumi na moja jioni. Ikishafika Kampala, tutaonana baada ya miaka mitano."

Biira alimtazama Thembo aliyekuwa anatafuna kona ya kanga yake. Baada ya miaka mitano Thembo angekuwa na miaka saba. Au asingekuwa na mwaka wowote.

"Maate, lete daftari," alisema.

"Mimi siandiki tena. Mtu aliyeniita mwongo aje mwenyewe kuhesabu."

"Hujaombwa kuandika. Umeombwa daftari."

Maate alitaka kujibu. Lakini alikuwa ameishi na mwanamke huyu miaka kumi na sita, na aliijua sauti hiyo. Alikwenda akafungua sanduku, akaliondoa daftari chini ya suti.

Ijulikane kwamba Biira alikuwa amesoma darasa la watu wazima kwa miaka miwili. Alisoma polepole, kidole kikitangulia. Lakini neno alilolikamata halikumtoroka tena. Alimfunga Thembo mgongoni, akaweka daftari na penseli kwenye kikapu, akashuka mlima mchana huohuo.

Alifikia Mpondwe, mpakani, kwa rafiki yake Marie-Louise. Huyu alikuwa mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, aliyeuza chumvi ya Katwe mlima mzima. Alikuwa na sauti ya kuvunja vikombe.

"Yaya Biira, weye utaenda Kasese na miguu?" Marie-Louise aliuliza, maana kwao yaya ni dada mkubwa. "Miye kesho minaenda na kamio ya Umaru. Tutaikala juu ya magunia. Mutoto atakula chumvi, atanyamaza."

Ijumaa alfajiri waliondoka. Lori la Umaru lilikuwa zee, na lilipanda vilima likilalamika kama mgonjwa. Waliingia Katwe wakapakia chumvi. Saa nne walifika kwenye kizuizi cha polisi pale Kikorongo, njia panda. Polisi mrefu mwenye pengo mdomoni aliinua mkono. Alikuwa Mwacholi, na jina lake lilikuwa Okot.

"Simama. Zima gari. Wewe mama, kikapuni iko nini?"

"Daftari la watoto, afande."

"Lete."

Okot alifungua daftari, akasoma kwa sauti ya gwaride. "Thembo, Maate. Biira, Maate. Thembo, Maate. Biira, Maate. Biira, Maate. Thembo, Maate." Aliinua kichwa. "Huyu Maate anapumzika siku gani?"

Marie-Louise alicheka mpaka akashika gunia asianguke.

Biira hakucheka. "Ni Maate watatu, afande. Kwetu majina yanafuata zamu ya kuzaliwa. Mtu wa Kasese aliona kama wewe ulivyoona. Amefuta watoto mia moja sitini na saba. Nakwenda kumwonyesha daftari."

"Utamwonyesha hii hii?"

"Ndiyo."

"Hii hii aliyoiona, akaifuta?"

Biira alilitazama daftari. Mtihani huo hakuwa ameufikiria. Maneno yaliyokuwa daftarini ndiyo yaleyale ya kwenye karatasi iliyofutwa. Alikuwa amebeba kosa lilelile, limefungwa vizuri zaidi.

Okot alirudisha kofia nyuma. "Sikia mama. Kwetu mtoto akizaliwa wakati mvua inanyesha, ni Okot. Na kwetu mvua inanyesha. Kambini tulikuwa Okot tisa. Siku moja daktari wa meno akaita Okot. Akang'oa jino. Kumbe mwenye jino bovu iko Okot mwingine." Alifungua mdomo akaonyesha pengo. "Hii ilikuwa nzima kabisa. Baada ya hapo tukapewa namba. Mimi ni Okot mia nne na kumi na mbili. Tangu siku hiyo naumwa meno yangu mwenyewe."

"Mtoto si askari, afande. Mama zao hawatakubali apewe namba."

"Basi pea nyumba namba. Nyumba haikasiriki."

Biira alimtazama. Kisha alitazama meza ndogo iliyokuwa chini ya turubai. "Afande, naomba kiti chako."

Alikaa, akamweka Thembo chini ya meza, akachora mstari mpya pembeni mwa kila ukurasa.

"Tuanzie juu," alisema Marie-Louise, ambaye alikuwa amefika kila mlango wa Kalambi. "Numero moja, iko ile nyumba ya bibi anapendaka chumvi mingi. Batoto ine. Numero mbili, iko ya yule mwanaume wa mizinga. Batoto batatu, na mumoja iko analia kila siku."

"Wanne, Marie-Louise. Kuna mapacha."

"Ah, mapacha. Njo maana chumvi inaishaka pale."

Wakateremka mlima hivyo, nyumba kwa nyumba, bila kunyanyuka kwenye kiti. Biira alifumba macho, akapita njiani kwa akili, akapiga hodi. Kila nyumba alifungua macho na kuandika namba, jina la mama, na umri wa kila mtoto. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa ya kumi na saba.

Umaru alipiga honi. Okot alimwendea na kumwambia kwamba magunia yatakaguliwa. Aliyakagua yote, moja baada ya moja, mara mbili. Chumvi haikuwa na siri yoyote, lakini ukaguzi ulichukua muda uleule Biira aliouhitaji.

"Mia mbili thelathini na mmoja," Biira alisema mwishoni. Mkono wake ulikuwa umekakamaa. "Ni walewale wa Maate. Hajaongeza hata mmoja."

"Maliza ukaguzi," Okot alitangaza. "Pita."

Walifika Kasese saa kumi kasoro robo. Ofisi ilikuwa karibu na stesheni, na treni ilikuwa tayari imesimama, imezungukwa na watu, magodoro na kuku. Ndani ya ofisi kulikuwa na mtu mwembamba mwenye miwani. Alikuwa Mnyoro, aliyehamia kutoka Hoima, na aliitwa Mugenyi. Mbele yake kulikuwa na bahasha kubwa ya kahawia, rula, na penseli nyekundu iliyochongwa vizuri. Biira aliitambua penseli hiyo mara moja.

"Bwana, umefuta watoto wetu mia moja sitini na saba."

Mugenyi alisimama kwa adabu. "Mama, sikufuta watoto. Nilifuta marudio. Yanatokea. Vijiji vingine hutaka kuonekana vikubwa. Kimoja kiliniandikia mpaka mbuzi."

"Sisi hatukuandika mbuzi. Huyu mgongoni kwangu ni Thembo wa Maate. Umempiga mstari."

Mugenyi alimtazama Thembo, na Thembo akamtazama Mugenyi. Hakuna aliyefurahi.

"Kila mtoto ana jina lake," alisema Mugenyi. "Haiwezekani kijiji kimoja kiwe na Biira wengi namna hii."

"Bwana, jina lako lina maana gani?"

"Kwetu? Mgeni."

"Sawa, mgeni hawezi kujua. Sasa fungua dirisha, uite Biira."

"Niite nani?"

"Biira. Kwa nguvu."

Mugenyi alikuwa mtu wa ofisi, na hakuwa na desturi ya kupiga kelele madirishani. Alifungua dirisha, akakohoa, akaita, "Biira."

Pale stesheni wanawake tisa waligeuka. Mmoja aliuliza nani amemwita. Mwingine alisema ameitwa yeye, si huyo. Wa tatu aliwaambia wote wawili wanyamaze, hiyo ni sauti ya mtu wa serikali na bila shaka anamtaka yeye.

"Sasa ita Thembo."

"Thembo," aliita Mugenyi, kwa sauti ndogo zaidi.

Wanaume watano waligeuka. Mmoja alikuwa amebeba kitanda kichwani. Aligeuka na kitanda chake chote, na watu wakalala chini kuokoa vichwa vyao.

Mugenyi alifunga dirisha. Mabiira tisa walikuwa wameanza kuja kuuliza.

Alikaa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nimefanya kazi hapa miezi minane," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

"Uliuliza?"

"Hapana."

"Basi tumekosa wote. Wewe hukuuliza, na sisi hatukusema. Tulidhani dunia nzima inajua." Biira aliweka daftari mezani. "Sasa kila mtoto ana nyumba yake, mama yake na umri wake. Chagua yeyote unayemtaka, nitakupeleka mpaka mlangoni kwake."

Mugenyi alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa kumi. Hakugusa penseli nyekundu. Alichukua ya kawaida.

"Idadi imetosha," alisema. "Lakini idadi peke yake haichagui. Kuna kijiji kingine chenye watoto mia mbili na wanane. Hao nao ni watoto wa watu. Kwa hiyo lazima niulize zaidi, na unijibu ukweli hata kama hautakusaidia. Kutoka kwenu mpaka zahanati ni mwendo wa saa ngapi?"

"Saa nne, kwa mtu mzima asiyebeba mtoto."

"Wenzenu ni saa moja. Mwaka jana walikufa watoto wangapi, na kwa ugonjwa gani?"

Biira hakuwa ameandika hilo. Hakuna aliyekuwa ameandika. Aliinua vidole, akaanza kuvikunja polepole.

"Masika wa nyumba ya tatu. Surua. Yule mvulana Kule wa nyumba ya tisa, surua. Baluku wa nyumba ya tisa, surua. Hao walikuwa ndugu." Alikunja kidole cha nne. "Biira wa nyumba ya arobaini. Mama yake alifika naye mpaka kwenye daraja. Yeye ndiye wa nne. Wa tano alikufa kwa kuharisha, wakati wa masika, maji ya mto yalipochafuka."

Marie-Louise alijifanyia ishara ya msalaba. Mugenyi aliandika yote bila kuinua kichwa.

"Hii ndiyo kazi yenyewe," alisema baadaye, kwa upole. "Watu wanadhani mpango ni majengo. Mpango ni kujua tuko wapi, tunataka kufika wapi, nini kinatuzuia, na tukifika tutajuaje. Kwenu kinachowazuia ni umbali. Sindano ya mara moja haitawatosha, kwa sababu watoto huzaliwa kila mwezi. Mnahitaji jokofu lililo karibu." Alichana ukurasa wa zamani wa Kalambi, akaandika mwingine. Aliunakili kwa haraka, lakini mistari ilikuwa imenyooka.

Treni ilipiga mluzi wa kwanza.

Mugenyi alitia karatasi ndani, akalamba bahasha, akaifunga. Aliangalia saa. Kisha mtu huyu wa adabu alitoka mbio mlangoni na tai ikimpiga begani, Biira akamfuata na Thembo mgongoni, na Marie-Louise nyuma akipiga kelele, "Mupishe, mupishe, iko bahasha ya batoto." Mabiira tisa walipisha njia. Mwenye kitanda hakuambiwa mara mbili.

Bahasha ilipokelewa na mlinzi wa treni dirishani, magurudumu yakiwa yameanza kuzunguka.

Mugenyi aliinama akishika magoti. Alipopata pumzi, alitoa mfukoni penseli nyekundu. "Chukua," alimwambia Biira. "Na unisikilize. Orodha hii ni ya leo. Kesho atazaliwa mwingine. Wekeni daftari la kijiji. Andikeni kila aliyezaliwa, nyumba namba ngapi, tarehe gani. Andikeni aliyechanjwa. Andikeni aliyeugua na ugonjwa wake. Na aliyekufa, na sababu. Kila mwisho wa mwezi nitumieni nakala. Bila daftari, mwaka wa tatu mtakuwa mmepotea tena."

"Tutaweka."

"Nani ataliandika?"

Biira alimfikiria mume wake na mwandiko wake. "Yupo mtu," alisema. "Kwanza ataniambia kwamba haandiki tena. Usijali."

Maate alisema hivyohivyo, kwa muda wa chakula kimoja. Kisha alipiga mistari daftari jipya, akaandika kwenye jalada kwa herufi kubwa zenye mikia. Wiki hiyo alipita nyumba zote hamsini na mbili na kopo la chokaa, akiandika namba juu ya kila mlango. Wazee wawili walikataa, wakidhani ni mambo ya kodi. Biira aliwasimulia habari ya jino la Okot. Walikubali.

Baada ya wiki tatu Nabirye alirudi na sanduku la barafu. Sindano zilikuwa mia moja sitini na saba. Alifungua karatasi, akavuta pumzi kama mtu anayeingia maji baridi.

"Thembo, nyumba ya kumi na saba."

Mmoja tu alisimama.

Alichomwa sindano, na hapo hapo akamuuma Musawo kidole. Nabirye alisema kwamba kwa miaka tisa ya kazi hajawahi kuumwa na mtoto aliyeandikwa kwa usahihi kiasi hicho.

Jibu kutoka Kampala lilikuja mwaka uliofuata. Kalambi ilikuwa ndani ya mpango. Serikali ilileta mabati, dirisha, dawa na jokofu la mafuta ya taa. Watu wa Kalambi walibeba mawe na mchanga, kila nyumba kwa namba yake, ili asiwepo wa kujificha nyuma ya jina la mwenzake. Mwisho wa mwaka 1971 Nabirye alihamia mlimani na viatu vyake, na alikubali kwamba havitakuwa vyeupe tena.

Kiangazi cha 1972 surua ilipanda tena. Iliwapata wageni watatu waliotoka ng'ambo kwenye mazishi, na watoto wawili wa Kalambi waliokuwa wachanga mno kuchanjwa. Hao wawili walifika zahanati kwa mwendo wa dakika kumi. Nabirye aliwaambia mama zao waendelee kuwanyonyesha, wasiwanyime maji, wasiwafiche ndani ya moshi. Walipona.

Siku ya mwisho ya mwaka, Maate alileta daftari mezani ili wafunge hesabu ya kijiji. Waliozaliwa walikuwa thelathini na wanane, akiwemo binti yao wa tatu, Kabugho, nyumba ya kumi na saba. Waliochanjwa walijaza ukurasa mzima. Kisha alifungua ukurasa wa watoto waliokufa kwa surua. Juu palikuwa na kichwa chenye herufi za mikia. Chini yake hapakuwa na jina.

"Niuache hivi?" Maate aliuliza.

"Hapana," alisema Biira. "Watu wa mipango wakiona ukurasa mtupu watadhani tumesahau."

Alichukua rula. Alitafuta kwenye kikapu penseli nyekundu ya Mugenyi, ambayo sasa ilikuwa fupi kama kidole cha Thembo. Akapiga mstari mmoja, polepole, kutoka ukingo mpaka ukingo. Chini yake akaandika: *Hakuna.*